Sakafu ya Gari la Mizigo: Mbao au Chuma? Somo kwa Wakulima na Wenye Magari wa Masasi na Newala

Mkulima wa korosho hufanya kazi mwaka mzima. Hupalilia, hupuliza salfa, huokota, huanika, huanua, hupanga madaraja, kisha hutia korosho katika magunia. Kazi hii yote yaweza kuharibika katika safari moja ya saa chache, kutoka shambani mpaka ghala la chama cha ushirika, kwa sababu ya kitu ambacho watu wachache hukitazama. Kitu hicho ni sakafu ya gari.

Mavuno yetu huanza aghalabu mwezi wa Oktoba, nayo huendelea hata Desemba na pengine kupita. Mvua za kusini nazo huanza Novemba au Desemba. Basi mavuno na mvua hukutana njiani. Korosho iliyokaushwa vizuri ikilowa ndani ya gunia hubadilika rangi, huota ukungu, na ghalani hushushwa daraja au hukataliwa. Mwenye shamba hupata hasara, na mwenye gari hupoteza jina jema kwa wateja wake.

Katika somo hili tutaeleza sakafu za mbao na sakafu za chuma, uzuri wake na ubaya wake, namna ya kuzikagua na namna ya kuzitengeneza. Neno kubwa tutakalolifundisha ni hili: kila sakafu ina njia yake ya kulowesha mzigo na njia yake ya kufa. Mwenye gari sharti aijue njia ya sakafu yake.

1. ASILI YA SAKAFU HIZI

Zamani reli ilijengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Reli ile ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo mzigo wa Masasi na Newala umechukuliwa na magari, kupita mchanga wa uwanda wa juu wa Makonde na miteremko yake.

Katika magari ya kale sakafu ya mbao ilikuwa jambo la kawaida. Pikapu za Chevrolet zilizotengenezwa Marekani kati ya 1947 na 1955 zilikuwa na mbao zilizolazwa kwa urefu wa gari, na kati ya ubao na ubao uliwekwa ukanda mwembamba wa chuma. Ukanda huo ulifanya kazi mbili: ulizishika kingo za mbao, na ulifanya mzigo uteleze bila kuzikwaruza. Baadhi ya pikapu za Chevrolet ziliendelea kuwekewa mbao mpaka miaka ya 1980. Malori ya Bedford nayo mara nyingi yalifika Afrika Mashariki bila bodi ya nyuma, na bodi ikaundwa hapa kwa mbao na mafundi seremala.

Land Rover ilipotokea mwaka 1948 ilikuja na bodi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Toyota Hilux, iliyoanza kuundwa Japani mwaka 1968, ilitumia sakafu ya bati la chuma lililokunjwa matuta ili lisipinde upesi. Basi mtu anunuaye gari la zamani aweza kukuta mbao, chuma au alumini, na mara nyingine vyote vitatu katika bodi moja, kwa kuwa kila mwenyewe aliyetangulia alitia kiraka chake.

2. SIFA ZA MBAO

Kwanza, mbao hukubali kupindika. Gari lipitapo katika makorongo, chesisi hujinyonga kidogo, na mbao zilizofungwa kwa boliti hufuata mwendo huo bila kupasuka. Pili, ubao mmoja ukivunjika, huondolewa huo peke yake na kutiwa mwingine; seremala wa kijijini aweza kuifanya kazi hiyo bila umeme. Tatu, mbao hazishiki joto la jua kama chuma, wala hazishiki baridi ya usiku upesi. Mbuzi husimama juu yake bila kuungua kwato. Nne, mzigo hautelezi ovyo juu yake.

Walakini ubao hunywa maji. Baada ya mvua uso wake huonekana mkavu, na kumbe ndani umejaa unyevu. Ukipanga magunia juu yake, unyevu ule hupanda polepole na kuingia katika gunia la chini. Hii ndiyo njia ya mbao ya kulowesha korosho: hukopa maji leo na kuyalipa kesho juu ya mzigo wa mtu mwingine.

Mbao hufa kwa kuoza, na kuoza huanza mahali pasipoonekana: kwenye ncha za ubao, kandokando ya matundu ya boliti, na pale ubao unapolala juu ya chuma kilichokingama chini yake. Vyuma hivyo vilivyokingama tutaviita mataruma, kama watu wa pwani waitavyo mbavu za chombo. Gari likilazwa muda mrefu bila kutumika, na nyasi au udongo ukaligusa, mchwa nao hupanda.

3. SIFA ZA CHUMA

Chuma hubeba mawe, matofali na mchanga bila kuchanika. Koleo hupita juu yake pasipo kukwama. Hakinywi maji, hakiliwi na mchwa, na ukimwaga kitu chenye harufu waweza kukifuta kikaisha.

Walakini chuma hupoa upesi usiku. Alfajiri katika uwanda wa juu wa Makonde, bati la sakafu huloa umande hata kama mvua haikunyesha. Mpakizi akipanga magunia saa hiyo bila kufuta, gunia la chini hunywa umande wote. Hii ndiyo njia ya chuma ya kulowesha korosho: huyatoa maji hewani na kuyaweka chini ya mzigo.

Chuma hufa kwa kutu, na kutu pia huanza mafichoni. Udongo na mchanga hujaa juu ya mataruma, chini ya bati, hushika unyevu, na chuma huliwa kutoka chini kwenda juu. Siku utakayoona kitundu kidogo kwa juu, ujue kwamba chini pameharibika eneo kubwa zaidi.

4. ALUMINI YA LAND ROVER

Alumini haifanyi kutu nyekundu, na kwa hiyo watu husema haiharibiki. Maneno hayo si kweli. Metali mbili zisizo za namna moja zikigusana penye maji, moja huliwa. Alumini ikigusana na chuma ni alumini iliwayo. Hugeuka unga mweupe kandokando ya boliti na maungio. Maji yakiwa na chumvi, uharibifu huenda mbio zaidi. Kwa hiyo usifunge kiraka cha chuma kitupu juu ya sakafu ya alumini. Ikiwa hapana budi, paka rangi pande zote mbili, na uweke mpira mwembamba kati yake, ili metali zisigusane.

5. MZIGO GANI, SAKAFU GANI?

Usichague sakafu kwa kumwiga jirani. Andika mizigo uliyochukua mwaka uliopita, kisha uchague kwa kufuata orodha hiyo.

Korosho, mbaazi na ufuta katika magunia. Mbao na chuma zote zafaa, mradi gunia lisiguse sakafu tupu. Ghalani gunia huwekwa juu ya chaga ili hewa ipite chini yake. Basi kwa nini katika gari liwekwe chini? Tengeneza chaga nyepesi ya fito au mbao nyembamba, na juu yake tandika turubai kavu. Turubai hiyo itazuia pia punje za ufuta kupotea katika nafasi za mbao.

Mawe, kokoto, mchanga na matofali. Chuma kitangulie. Mbao zitachanika na kuchakaa upesi.

Mapipa ya maji. Watu wa uwanda wa juu wajua taabu ya maji tangu zamani, na magari mengi yamechukua mapipa. Pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200 bila kuhesabu pipa lenyewe, na uzito huo wote hukaa juu ya ukingo wake mwembamba. Katika sakafu yoyote weka mbao nene za kukingama chini ya mapipa, ili uzito ugawanyike juu ya mataruma kadhaa. Yafunge mapipa sana, maana maji yachezayo hulivuta gari katika mteremko.

Chumvi na samaki wakavu kutoka pwani. Mzigo huu ni adui wa chuma na wa alumini. Mbao huuvumilia zaidi, lakini boliti zake huliwa. Tandika turubai isiyopitisha maji, na ukimaliza kushusha osha siku hiyo hiyo.

Salfa ya kupulizia ubwiri unga. Unga wa salfa ukibaki katika maungio na kupata unyevu, kwa muda hufanya asidi ilayo chuma. Tena salfa hushika moto upesi, na moshi wake huchoma macho na kifua. Fagia mpaka pembeni kabla ya kupakia kitu kingine. Kamwe usimruhusu fundi achomelee katika bodi yenye unga wa salfa.

Mabibo. Maji yake ni makali, nayo hutia madoa. Usiyapakie pamoja na korosho kavu, wala usiyaache yakaukie sakafuni.

6. HESABU YA UZITO

Watu wengine, sakafu ikitoboka, huongeza bati jipya juu ya kuukuu. Tufanye hesabu. Chukua sakafu ya urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5; eneo lake ni mita za mraba 3. Bati la chuma la unene wa milimita 3 lina uzito wa kilo 23 na nusu kwa mita ya mraba. Jumla ni kilo 70 na zaidi kidogo. Mbao kavu za mninga za unene wa milimita 25 zina uzito wa karibu kilo 16 kwa mita ya mraba. Jumla ni karibu kilo 48.

Gunia la korosho lililojaa laweza kufika kilo 80. Basi aliyeongeza bati juu ya bati amepakia karibu gunia zima ambalo halishushwi kamwe. Gari hulichukua kila safari, kwenda na kurudi, pasipo nauli. Tena amefunga unyevu kati ya mabati mawili, na la chini litaendelea kuliwa bila yeye kuliona.

7. NAMNA YA KUKAGUA

Kagua mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Agosti au Septemba, kabla ya mavuno, na tena baada ya mvua kwisha.

Kwanza, toa kila kitu, pamoja na mpira au zulia lililotandikwa. Vitu hivyo hufunika maji na kuficha uharibifu.

Pili, fagia kwa brashi ngumu ikiwa kavu, ndipo uoshe. Katika nchi yenye maji ya shida, brashi ikitangulia, ndoo moja au mbili zatosha. Ukianza na maji, utageuza mchanga kuwa tope, nalo litaingia katika maungio.

Tatu, lala chini ya gari, juu ya ardhi tambarare, na magurudumu yawe yamezuiwa kwa mawe. Kwangua udongo ulio juu ya mataruma.

Nne, ikiwa sakafu ni ya mbao, choma kwa ncha ya bisibisi kwenye ncha za ubao na penye boliti. Ubao mzima hukataa; uliooza hupokea bisibisi kama muhogo uliopikwa. Ikiwa ni ya chuma, gonga kwa nyundo ndogo kutoka chini. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti nzito, na magamba ya kutu huanguka.

Tano, pima unyevu wa mbao kabla ya kupakia korosho. Tandika kipande cha nailoni juu ya ubao penye jua, ukibane kingo zake kwa mawe, ungoje saa moja au mbili. Ukiona matone chini ya nailoni, ubao bado una maji.

8. KUTENGENEZA SAKAFU YA MBAO

Chagua mbao kavu kabisa. Mninga wafaa sana kwa kuwa haupindi ovyo na hudumu. Mkongo pia ni mgumu na wa kudumu. Mpingo, mti uwapao sifa wachongaji wa Kimakonde, si mti wa sakafu: hautoi mbao pana, ni mzito mno, na ni wa thamani. Nunua mbao zenye kibali cha misitu, usije ukapoteza mbao na gari pamoja.

Lazima mbao kwa urefu wa gari, juu ya mataruma. Acha nafasi ya milimita 5 au 6 kati ya ubao na ubao. Nafasi hii ina kazi mbili: maji hupita, na ubao ukivimba wakati wa mvua hupata mahali pa kwenda. Mbao zilizobanwa bila nafasi huinuka katikati na kung'oa boliti.

Kabla ya kufunga, paka kila ubao rangi au mafuta ya kitani pande zote sita: juu, chini, ubavu mbili na ncha mbili. Ncha zipakwe mara mbili au tatu, kwa maana hunywa maji kuliko ubavu. Toboa matundu ya boliti, nayo uyapake ndani. Paka lami au rangi nzito juu ya mataruma. Usitie kitambaa wala gunia kati ya mbao na chuma, kitakuwa sifongo.

Tumia boliti zilizopakwa zinki, zenye vichwa vilivyozama katika ubao visije vikachana magunia. Hasa mbao zilizotiwa dawa yenye shaba hula boliti za chuma kitupu. Baada ya mwezi mmoja wa kazi, kaza nati zote tena.

9. KUTENGENEZA SAKAFU YA CHUMA

Kata sehemu yote iliyoliwa mpaka ufikie chuma kizima. Usishonee kiraka juu ya kutu, maana kutu haikamatani na kitu. Tazama kwanza mataruma: bati jipya juu ya taruma lililooza ni nyumba juu ya nguzo mbovu. Kwangua, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, juu na chini, kisha rangi ya mwisho. Toboa au zibua matundu ya kutolea maji katika pembe zilizo chini kabisa.

Kazi ya kuchomelea mpe fundi. Kabla hajaanza, betri ifunguliwe, nyaya na mabomba ya breki yasogezwe au yakingwe, na tangi la mafuta liondolewe ikiwa li karibu. Uwepo mchanga mkavu wa kuzimia moto.

10. SIKU YA KUPAKIA

Usipakie alfajiri juu ya chuma chenye umande. Futa kwa kitambaa kikavu au ngoja jua. Usipakie juu ya mbao siku inayofuata mvua, ila uwe na chaga. Pitisha kiganja sakafuni kutafuta misumari, vichwa vya boliti na kingo kali. Funika mzigo kwa turubai itelemkayo nje ya bodi. Ikiishia ndani, maji yote ya juu yatashuka chini ya magunia. Funga pia lango la nyuma, maana mteremko kutoka Newala kwenda Masasi humjaribu kila mpakizi.

MWISHO

Basi, mbao au chuma? Achukuaye mazao na mifugo, na aliye karibu na seremala mwema, mbao zitamfaa. Achukuaye mawe na mchanga, chuma kitamfaa. Lakini sakafu ya mbao iliyotunzwa ni bora kuliko ya chuma iliyosahauliwa, na ya chuma iliyotunzwa ni bora kuliko ya mbao iliyosahauliwa. Adui wa zote mbili ni maji yasiyopata njia ya kutoka. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lala chini ya gari lako mwezi huu, kabla korosho hazijaanza kuanguka.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini bati la sakafu laweza kulowesha gunia hata siku isiyo na mvua?
2. Ubao huanza kuoza mahali gani, nawe utapajuaje?
3. Ni hasara zipi mbili za kuweka bati jipya juu ya bati lililotoboka?
4. Kwa nini haifai kufunga chuma kitupu juu ya sakafu ya alumini?
5. Umechukua salfa jana, na leo wataka sakafu ichomelewe. Ufanye nini kwanza?